Dada Yangu na Darasa la Picha

Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi, shuleni kwa mwanangu huku Buruburu, Nairobi, mama mmoja akasema kwamba watoto wenye usonji ni mambo ya siku hizi, zamani hawakuwepo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilitoka nje kabla sijamtukana mtu. Walikuwepo, rafiki yangu. Mmoja nililala naye kitanda kimoja, mtaani Shauri Moyo.

Dada yangu mdogo hakuwa akisema. Ukimwita, haangalii. Mafundi wa soko la Gikomba wakianza kugonga mabati, anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Majirani walisema ni laana, wengine wakamlaumu mama yetu, naye alikuwa kaburini. Shosho, nyanya yetu aliyetulea, aliendelea kukata sukuma wiki mlangoni, akiwajibu lilelile kila siku: mtoto hana kosa.

Kisha shuleni kwetu akaja mwalimu mmoja, mama mpole kutoka Magharibi mwa Kenya, akapewa chumba cha mwisho kilichojaa madawati mabovu. Alikifagia mwenyewe. Akabandika ukutani picha alizochora kwa mkono: kikombe, beseni, mpira, mlango. Watoto walikuwa saba, dada yangu akiwa mmoja wao, na hakuna aliyewapigia kelele. Kila jambo lilitanguliwa na picha yake, mtoto akajua kinachokuja. Chumba kilinukia chaki na uji wa wimbi. Muhula wa pili, dada yangu alirudi nyumbani na ile picha ya kikombe, akamwekea Shosho mapajani, akasema, "Uji." Shosho alilia hadi ugali ukaungua jikoni.

Mwaka uliofuata mwalimu akahamishwa. Hakuletwa mwingine. Mwalimu mkuu akageuza chumba kile stoo, picha zikabanduliwa zikatupwa, na wale saba wakasukumwa kwenye madarasa ya kawaida, watoto wamebanana kama viazi guniani. Siku ya nne nilipita dirishani nikamwona dada yangu amefungwa kwenye dawati kwa sweta yake mwenyewe, ili asitembeetembee. Alikuwa akijiuma mkono. Kengele ilikuwa imeshalia, nami niliogopa kuchelewa. Nikaenda zangu. Wengine nawakasirikia mchana. Kwa hilo najikasirikia mimi, saa zote.

Jioni nilimwambia Shosho. Asubuhi alikwenda shuleni bila hata kufunga kitambaa kichwani. Mwalimu mkuu alimweleza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba shule haina mtu wa kushughulika na watoto wa aina hiyo, kwa hiyo avumilie, akae naye nyumbani.

Shosho akamwambia, "Mtu mlikuwa naye. Mkamwacha aende."

Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Muhula mzima dada yangu alivaa sare kila asubuhi, akasimama mlangoni akingoja kupelekwa. Hatukuwa na picha ya kumweleza kwamba darasa limefungwa. Baadaye akaacha kuvaa. Akaacha na kusema.

Leo ni mwanamke mzima. Shosho ametangulia, nami ndiye ninayemchana nywele, naye hutazama ukuta. Chumba wanaweza kukifungua hata kesho, wakakipaka rangi, wakaalika wageni wapige makofi. Lakini yule mtoto aliyekuwa njiani anakuja kwetu, wakamrudisha alikotoka, nani kati yao atakwenda kumwita?