Kasilda na Tanuri la Kichuguu

Kasilda aliuegemeza mchi kwenye kinu, akaketi chini uani, na mahindi ndani ya kinu yakiwa bado nusu.

"Wifi, umechomwa na mwiba?" aliuliza Romana. Romana alikuwa dada wa marehemu mume wa Kasilda, na wawili hao walitwanga pamoja kila asubuhi.

"Sijachomwa. Miguu imekataa."

"Miguu ya nani? Yako, au ya kuazima?"

Wakacheka. Kisha Kasilda akajaribu kuinuka, akashindwa, na Romana akaacha kucheka.

Ilikuwa Januari, mwaka 1956, pale Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe, na mvua zilikuwa zimeshika. Wakati huo Kasilda alikuwa na miaka arobaini na kitu. Mwenyewe hakuijua hasa. Mumewe, Cleophas, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mtoto wake wa pekee, Josephat, alikuwa Mpanda akivunja mawe mgodini, kama vijana wengi wa Mpimbwe tangu reli ilipofika huko. Shamba la mahindi lilibaki kwa mama. Kisima, kuni, kinu na paa linalovuja, vyote vilibaki kwa mama. Watu walimsifu. Walisema, "Kasilda ni jembe." Mimi, niliyekuwa mwalimu wa shule ya hapo na jirani yake, nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uliotangulia, na sifa ile iliniudhi tangu siku ya kwanza. Jembe likivunjika hutupwa. Tunawasifu mama zetu kwa maneno yale yale tunayomsifia punda, halafu tunashangaa wakianguka.

Romana alimpeleka zahanati. Dresa alimfunua macho, akamtazama ulimi, akampima joto.

"Hii si homa," akasema. "Umechoka, mama, na damu imepungua. Kula mboga za majani, kula karanga, kula boga. Usile ugali mtupu na chumvi. Na mchana ulale."

"Nilale mchana? Kwani mimi ni paka?"

"Paka ana akili kuliko wewe. Ukiendelea hivi, palizi utaisikia ukiwa kaburini."

Neno hilo la palizi ndilo lililomchoma. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, na magugu yalikuwa yamefika magotini vilevile. Zikipita siku kumi bila kupalilia, asingevuna kitu, na mwaka mzima angekula kwa hisani ya watu. Peke yake asingeweza. Njia iliyojulikana ilikuwa moja tu, ujima. Unaita watu, wanakuja na majembe thelathini, shamba linaisha kwa siku. Lakini kwetu ujima ni pombe. Pasipo pombe hapana mtu. Na pombe ni kazi ya juma zima ya mwanamke mmoja: kuotesha ulezi, kuuanika, kuusaga, kuchota maji debe baada ya debe, kukoroga uji mzito kwenye mitungi na moshi ukikuchoma macho. Ili asaidiwe kazi ya siku moja, ilimpasa kwanza kujiua siku saba.

"Nitakupikia mimi," Romana alisema, lakini alisema akitazama pembeni. Naye alikuwa na shamba lake, na watoto watano.

"Usiseme uongo siku ya Jumapili," Kasilda akamjibu.

Nyuma ya nyumba ya Kasilda kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Cleophas, katika ujana wake, alikuwa mpishi wa mikate misheni ya Karema, kando ya ziwa. Aliporudi Kibaoni kuoa, alikitoboa kichuguu kile ubavuni, akakichimba ndani kama chungu, akakifanya tanuri, na juu yake akaweka kipaa cha nyasi. Ngano haikupatikana Kibaoni, kwa hiyo alioka alichopata: viazi, maboga, mahindi mabichi. Tangu afe, tanuri halikuwashwa. Kuku walitagia humo.

Kasilda alipoliwasha tena, hakufanya hivyo kwa sababu ya ujima. Aliliwasha kwa sababu alikuwa hoi. Kupika mara mbili kwa siku kulimshinda, na ukioka mara moja unakula siku tatu. Chini ya kitanda alikuwa na maboga manne ya mwaka jana, yenye ganda gumu kama kibuyu. Alilipasua moja, akalichemsha, akaliponda. Akachanganya na unga wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akatia karanga za kusaga, chumvi, na majani ya kunde na msusa wa maboga yaliyokatwakatwa. Akafinyanga vimkate vidogo, akavifunga kwenye majani ya mgomba.

Kuni ziliwaka ndani ya kichuguu mpaka kuta zikageuka nyeupe. Akaondoa makaa, akafagia, kisha akafanya alivyofanya Cleophas siku zote: akaingiza mkono mlangoni mwa tanuri na kuanza kusali Salamu Maria. Mkono ukishindwa kabla ya neno "neema", tanuri limewaka mno. Ukifika Amina bila kuumia, limepoa. Vizuri ni kushindwa katikati. Kasilda alishindwa katikati, akaweka vimkate, akaziba mlango kwa jiwe na udongo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya ila kungoja, akaketi. Romana aliniambia kwamba katika miaka ishirini ya kumfahamu wifi yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza alimwona ameketi na mikono mitupu.

Alikula vimkate hivyo siku nne. Mchana alilala kidogo, akiwa amefunga mlango ili watu wasimwone. Siku ya tano alichota maji bila kupumzika njiani. Hakuwa amepona, lakini macho yalikuwa yamerudi. Jioni hiyo akafunga vimkate vitatu katika jani, akaenda kwa Apolinari.

Apolinari ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa ujima. Alipopiga, majembe yaliinuka na kushuka pamoja, na alipoweka ngoma chini, kazi ilikuwa imekwisha. Akikubali yeye, wengine hufuata. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda kuazima msumeno.

"Jumatano nina palizi," Kasilda alisema. "Karibuni."

"Haya, mama Josephat! Mitungi mingapi?"

"Hakuna mtungi. Nitawapa hivi, na maji ya ukwaju."

Apolinari alilifungua jani, akatazama, akanusa, akamtazama Kasilda.

"Boga."

"Boga, kunde, karanga."

"Mama Josephat, mimi ni mtu au sungura?"

Wake zake wawili walicheka jikoni. Kasilda hakucheka.

"Mwaka juzi ulikunywa pombe yangu tangu saa tatu," akasema. "Saa sita ulifyeka mistari miwili ya mahindi yangu ukidhani ni magugu. Sungura angeniachia mstari mmoja."

Kicheko cha jikoni kikageuka kelele. Apolinari akajikuna shingo.

"Jua lilikuwa kali siku ile."

"Kulikuwa na mawingu, shemeji."

"Sasa sikiliza. Nyie wanawake mnataka kubadili mila. Watu watasema nini? Kwamba Apolinari aliitwa kwa majani?"

"Watasema niliita watu nikiwa mgonjwa, wakaniuliza mitungi mingapi." Akashusha sauti. "Sina mwili wa kupika pombe. Nikipika, nitakufa. Nisipopalilia, nitakufa njaa. Chagua wewe nife kwa kipi."

Kasilda aliviacha vimkate pale kigodani, akaondoka. Ningeweza kusema kitu, kwa maana maneno nilikuwa nayo mengi, lakini yeye alikuwa amekwisha kuyasema yote.

Jumatano asubuhi tulikuwa watano tu shambani. Romana, mimi, wazee wawili na Marsela, mjane mwenzake Kasilda. Kwa desturi mwenye shamba ndiye hupiga jembe la kwanza. Kasilda alipiga jembe lake, akalima hatua kumi, akasimama, akaegemea mpini. Akatazama njia. Njia ilikuwa tupu. Nililiona shamba lile lilivyokuwa kubwa, na hasira ilinipanda. Siku zile tulikuwa tukiimba juu ya nchi kujitawala. Nikajiuliza, tutaitawala nchi gani, ikiwa mwanamke mgonjwa hapati majembe kumi mpaka awaleweshe wenye majembe?

"Rudi nyumbani," Romana akamwambia.

"Watu wanalima shamba langu, mimi nirudi?"

"Watu gani? Hapa pana mwalimu, na hajui kushika jembe. Nenda ukaoke. Ukioka, ulale. Mimi nitakuwa mwenye shamba leo."

Akaenda. Saa tatu alirudi na vikapu viwili, moshi ukitoka kwenye majani. Harufu ya karanga na boga la kuoka ilitangulia. Tulikula tukiwa tumesimama. Vimkate vilikuwa vikavu nje, laini ndani, utamu wa boga ukikatwa na uchungu kidogo wa kunde. Havikuelemea tumbo. Mzee mmoja alisema, "Pombe hunipa nguvu ya kusema. Hivi vinanipa nguvu ya kulima." Kasilda akatabasamu, akakusanya vikapu, akarudi kwenye tanuri.

Baadaye kidogo tukasikia ngoma.

Apolinari alikuja na watu wanane nyuma yake. "Nimekuja kuona tu," alisema kabla hajaulizwa. "Kuona si kosa." Romana alimpa kimkate. Akala. Akatoa mkono tena bila kumtazama. Romana akampa cha pili na kusema, "Sungura ana njaa." Watu wakacheka, na Apolinari akajifunga mkanda wa ngoma ili asiendelee kuchekwa.

Sidai kwamba walikuja wote. Wapo walioapa hawatalima kwa boga, nao wakatimiza kiapo. Tulikuwa kumi na wanne mahali pa thelathini. Lakini ujima wa pombe hufa saa sita, pombe ikishapanda kichwani. Huu haukuwa na cha kuufisha. Ngoma ilikwenda mpaka jua likaanza kuinama, mistari ikanyooka, na hakuna hindi lililofyekwa. Ikabaki kona moja tu, upande wa mtoni, ambapo magugu yalikuwa na mizizi ya kutisha na sisi tulikuwa na malengelenge.

Desturi nyingine ni kwamba mwisho wa kazi mwenye shamba huja kupiga magoti na kuwashukuru walimaji.

"Mwenye shamba yuko wapi?" akauliza Apolinari. "Mila moja ametunyima, sasa anatunyima na ya pili?"

Tukaongozana kwenda nyumbani kwake, ngoma mbele. Romana alitangulia, akazunguka nyuma ya nyumba, kisha akarudi mbio akiwa ameinua mikono yote miwili. Apolinari aliendelea kupiga. Romana akamnyang'anya kijiti.

"Amelala," akasema kwa sauti ya chini.

Tulichungulia. Kasilda alikuwa kwenye mkeka, ameegemea kichuguu chenye joto, mdomo wazi kidogo, kimkate kilichoumwa mara moja kikiwa mkononi. Mchana kweupe, mbele ya macho ya watu, alikuwa amelala kama mtoto.

Nilidhani Apolinari atatoa mzaha. Alimtazama kwa muda, akavua shati lake, akaifunika nalo ngoma, kana kwamba ngoma ingeweza kulia peke yake. Akatembea kwa ncha za vidole mpaka barabarani. Nasi tukamfuata mmoja mmoja, watu wazima zaidi ya kumi wenye majembe mabegani, hakuna aliyekohoa.

Aliamka jua likizama. Romana alikuwa amekaa karibu naye, akichambua kunde.

"Wamekwisha?" Kasilda aliuliza, akataka kuinuka.

"Wamekwisha. Imebaki kona ya mtoni."

"Hawakunisubiri niwashukuru?"

"Walikwenda kimya wasikuamshe. Apolinari naye."

Kasilda akakipata kile kimkate mkononi mwake, akakila polepole mpaka kikaisha, akapangusa vidole.

"Kona ile nitailima mwenyewe," akasema.

"Kesho?"

Kasilda akalifikiria.

"Kesho kutwa," akasema, akajilaza tena.