Shimo la Watasema

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni bibi yangu, mama mzaa baba, jioni ya siku tulipoanua matanga ya Shangazi Edina, nyumbani kwetu nje kidogo ya Igowole. Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu. Bibi aliisimulia akiwa amekaa mkekani, blanketi mabegani, na tangu siku ile ameisimulia hivyo hivyo: kwamba mbwa alichimba, na aliyechimbiwa akaenda. Mimi nilikuwepo tangu mbwa yule alipoletwa mpaka alipoondolewa. Niliyoyaona ni yale yale aliyoyaona Bibi, ila leo siyaelewi kama anavyoyaelewa yeye.

Wakati huo nilikuwa nalelewa na Bibi. Baba na Mama walikuwa Rujewa, Baba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Mama kwenye majaruba ya kukodi. Mwezi wa tano, baridi ya Mufindi ilipoanza kuuma, Baba alipanda kuja kutuona akiwa na mchele na mbwa aliyekuwa hajakomaa bado. Wapo katika ukoo wanaosema mbwa yule alikuwa mweusi. Hakuwa mweusi. Alikuwa na rangi ya pumba za mpunga, na sikio lake moja lilikunjika.

Shangazi Edina, dada yake Baba, alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, anakohoa. Hospitali walikuwa wamesema ni kifua kikuu na kumpa vidonge, na wakasisitiza kwamba ugonjwa huo unapona, mradi mgonjwa asikatishe dawa. Majirani walikuwa na maelezo yao mengine. Kwa hiyo Baba alipouliza mbwa aitwe nani, Shangazi hakufikiri.

"Watasema," alisema. "Jioni nikipaza sauti kumwita, kila mwenye mdomo ajue nimemwita yeye."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Shangazi alikuwa hivyo. Mama Faraja, jirani yetu wa upande wa chini, ndiye aliyelengwa zaidi, naye hakuwa mtu wa kushindwa. Alikuwa akipita njiani na kuni zake anauliza kwa sauti, "Wifi, huyo Watasema wako leo amesema nini?" Na Shangazi anamjibu kutoka ndani, "Bado anakusubiri wewe umfundishe!" Wote wawili wanacheka. Ninaandika haya ili isije ikadhaniwa kwamba nyumba yetu ilikuwa ya majonzi tangu mwanzo.

Shangazi alilala katika nyumba ya jikoni, katika kile chumba kidogo kilichopakana na moto. Baba hakupenda, alisema moshi utammaliza kifua. Bibi alisema baridi itammaliza kabla ya moshi. Kitanda kikasogezwa mpaka kona ya nyuma, mahali ambapo ukuta wa udongo ulikuwa unapata joto la mafiga mchana kutwa, na kichwa cha mgonjwa kikawa kwenye kona hiyo. Katika boma zima hapakuwa na sehemu nyingine yenye joto.

Watasema naye aliiona kona ile, kwa upande wa nje.

Kila tulipomaliza kula jioni, alikuwa hatulii. Anazunguka nyumba akilialia kwa sauti nyembamba, kisha anakwenda nyuma ya jikoni. Pale anajizungusha mahali pamoja, tena na tena, pua chini, halafu anaanza kuparua udongo kwa miguu ya mbele. Anajilaza, anainuka, anajizungusha tena, anaparua tena. Asubuhi tulikuta kishimo. Ukipima kwa macho, kilianzia palepale ambapo ndani kulikuwa na mto wa Shangazi.

Bibi alipokiona mara ya kwanza alisimama kukitazama. Kwetu mbwa akichimba uani, watu humfukuza tu. Mbwa akichimba chini ya ukuta wa mgonjwa, hilo ni jambo jingine. Wanasema ametumwa kuanza kazi ambayo watu wataimaliza.

Baba alikuwa bado hajarudi Rujewa. Alijaribu kumtuliza.

"Mama, huyu ni mbwa wa Usangu. Hajazoea baridi, ndiyo maana anahangaika."

"Mbwa ana manyoya," Bibi alisema. "Baridi gani?"

"Mbwa ni mbwa tu, Mama."

"Wewe umekaa kwenye joto la Rujewa mpaka akili imeiva. Niache."

Nimeyarudia maneno hayo machache kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Baba alikuwa ameushika ukweli mkononi. Aliuweka chini kwa sababu hakutaka kubishana na mama yake, tena mbele ya mgonjwa, na asubuhi iliyofuata akateremka kazini.

Kulikuwa na dawa ya shimo la namna ile, na Bibi aliijua kutoka kwa mama yake. Shimo halifukiwi kwa udongo mtupu. Linajazwa kwanza majivu ya nyumba yenyewe, ndipo udongo uwekwe juu, ili anayekuja kulitafuta akute limeshajaa. Na majivu yawe ya moto wa siku hiyo, yasiwe yamelala. Hilo la kutolala Bibi alilishika sana. Kwa hiyo kila jioni, ugali ukishaiva, aliteka majivu mafigani kwa kipande cha debe, yakiwa bado na makaa mekundu ndani yake, akayamwaga shimoni, akafunika kwa udongo, akakanyaga. Kisha alisema kwa Kihehe maneno ambayo hakuwahi kunitafsiria.

Na kila jioni Watasema alirudi, akajizungusha, akaparua. Udongo sasa ulikuwa laini, na chini yake kulikuwa na majivu. Shimo likazidi kuwa refu.

Shangazi alisikia kila kitu. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Mwanzoni alitania.

"Mama, huyu mbwa ananipimia. Mwambie mimi ni mrefu, asinibane miguu."

"Nyamaza, Edina."

"Nasema ili asirudie kazi."

Bibi hakucheka, na nadhani hapo ndipo Shangazi alipoogopa. Angecheka hata kidogo, pengine utani ungebaki kuwa utani. Siku zilizofuata Shangazi alikuwa akisikia zile kucha anageukia ukutani. Mama Faraja alipopita na swali lake la kila siku kuhusu Watasema, hakujibiwa. Akasimama kidogo na kuni kichwani, akaita, "Wifi?" Halafu akaenda zake, na hakuuliza tena.

Watu walimshauri Bibi ampige mbwa, au amuue. Kumpiga alimpiga, na mbwa alikimbia mpaka kwenye mianzi, jua likizama akarudi palepale. Kumuua alikataa. Alisema aliyetumwa ukimuua anatumwa mwingine, na huyo mwingine humjui sura.

Sikumbuki ni siku gani Shangazi aliacha kumeza vidonge. Bibi alidhani anameza, kwa sababu maji aliyopewa yalikuwa yanakwisha. Baba alipokuja tena, wakati sakitu, ule umande wa kuganda, inayafanya majani kuwa meupe asubuhi, alimkuta dada yake amebaki mifupa. Alipotandua kitanda ili godoro lianikwe, vidonge vilidondoka kutoka kwenye mkunjo wa shuka.

Mimi nilikuwa nimeshika kona moja ya godoro. Nilimwona Baba akiviokota kimoja kimoja na kuvipangusa kwenye suruali.

"Edina, mdogo wangu, hivi ni nini?"

"Unaviona."

"Mbona hukumeza?"

"Kaka, dawa ni za mtu anayebaki."

"Gari lipo. Tunakwenda hospitali leo hii."

"Nikafie njiani, muanze kuhangaika na mwili? Mimi nimeshachimbiwa hapa nyumbani. Katazame mwenyewe."

Baba alitoka akazunguka nyuma ya jikoni. Nilimfuata. Wakati huo shimo lilikuwa na urefu wa mtoto kama mimi, na kingo zake zilikuwa nyeupe kwa majivu. Nilitegemea aseme tena kwamba mbwa ni mbwa tu. Alilitazama, akavua kofia yake. Mtu mzima anavua kofia mahali pamoja tu palipochimbwa. Nilipoona vile, na mimi niliamini.

Shangazi Edina alifariki kabla baridi haijaisha. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Watu walikuja na pole zilizokuwa tayari, kama vile wameshazitoa siku nyingi. Alizikwa shambani, juu kidogo ya nyumba. Baada ya matanga Baba alimfunga Watasema kamba shingoni, akaelekea naye upande wa msitu wa misindano, na alirudi na kamba tu. Hatukumuuliza. Jioni ile hapakuwa na kitu kinachoparua nyuma ya jikoni, na Bibi alikula chakula chake chote kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Mimi niliolewa Mbeya. Tuna mbwa wa kulinda, kama nyumba nyingi za mtaani kwetu. Nina mahali nyuma ya nyumba ninapomwaga majivu ya jiko jioni. Mwaka fulani wa baridi kali nilimwona mbwa wetu akienda palepale, akajizungusha, akaanza kuparua, akalialia. Kwa kuwa katika nyumba yetu hapakuwa na mgonjwa, nilithubutu kusogea. Niliweka kiganja kwenye udongo aliokuwa anauparua. Ulikuwa wa moto.

Hata hivyo nilitaka kusikia kwa mtu mwingine. Bwana mifugo alipokuja kuchanja nilimwuliza mbwa huyu anachimba nini kila jioni.

"Hachimbi, mama," alisema huku akifungua sindano. "Anatandika. Wewe hutandiki kitanda kabla ya kulala?"

Alicheka, nikacheka naye kwa sababu ya adabu. Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Miaka yote hiyo lilikuwa neno hilo moja tu. Tuliona mnyama anatandika, tukasema anachimba. Mbwa wa nchi ya joto alikuwa anatafuta mahali pa kulala palipo na moto, kama Shangazi alivyokuwa anatafuta, na ukuta ni mmoja. Na kila jioni, kabla hajaja, kitanda chake kilipashwa moto na mtu aliyedhani anamzuia.

Baba nilimweleza alipokuwa amelazwa kwa ugonjwa wake mwenyewe. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Nilisema ana baridi," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Nilisema."

Kisha akanishika mkono. "Mama yangu usimwambie."

Hakuhitaji kunieleza kwa nini. Bibi sasa anajua kwamba kifo kilikuja nyumbani kwake, naye akapambana nacho kila jioni kwa kila alichokuwa nacho, kikamshinda. Nikimwambia, atajua kwamba aliyemwita mbwa kwenye kichwa cha binti yake ni yeye. Sijui kama vidonge vingemponya Shangazi. Wapo wanaovimaliza na bado wanakufa. Ninachojua ni kwamba mbwa yule hakuwa na habari yoyote ya kutuletea, na nimelijua hilo wakati ambao halimsaidii mtu.

Kati ya waliokuwepo, Shangazi Edina hayupo. Baba naye hayupo, amezikwa Rujewa. Mama Faraja alihamia kwa mwanawe Makambako, na sina habari zake. Bibi yu hai. Macho yameisha lakini sauti bado ni ile ile, na wajukuu wakimzunguka huomba awasimulie juu ya mbwa aliyechimba. Mimi pia ni hai, na nikiwa nyumbani huwa nakaa pamoja nao, nikimsikiliza mpaka anapomaliza.