Mwalimu wa Kuhesabu Nyuzi

Gregory Ndaki wa Katoro ana kazi mbili. Asubuhi hununua dhahabu kwa wachimbaji. Jioni chumba kilekile hugeuka darasa, naye hufundisha twisheni ya baiolojia. Hakusomea sayansi wala ualimu. Amejaliwa mdomo tu, na mjini hapa mdomo unatosha.

Somo lake la DNA na RNA huisha kabla chai haijapoa.

"Hesabuni nyuzi! Zikiwa mbili, DNA. Ukiwa mmoja, RNA. Mengine ni mbwembwe za vitabu."

Hosiana, binti aliyetoka Didia kujiandaa na usaili wa chuo cha maabara, alinyoosha mkono. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa ili asome. Ng'ombe mwingine hayupo.

"Ticha, kitabu kinasema tuangalie sukari. Kwenye kaboni ya pili, RNA ina oksijeni na hidrojeni, DNA ina hidrojeni tu. Tena RNA ina urasili pale DNA ilipo na thimini."

"Wewe wa Didia, umekuja kulamba sukari au kufaulu?"

Darasa zima likacheka, vijana wenye ndevu wakipiga meza kama watoto. Hosiana akashusha mkono. Tangu siku hiyo naye akawa anahesabu nyuzi.

Kwenye usaili, Kahama, alionyeshwa mchoro wa uzi mmoja. Thimini ilikuwepo. Kaboni ya pili ilikuwa na hidrojeni peke yake.

"RNA," akajibu.

"Umejuaje?"

"Uzi ni mmoja."

"DNA ukiitenganisha nyuzi zake, binti, inageuka kitu kingine?" msaili akauliza, akaita anayefuata.

Aliporudi Katoro ilikuwa asubuhi. Gregory ameinama mezani, mchimbaji aliyeleta dhahabu amesimama mbele yake. Amesugua kipande cha dhahabu kwenye jiwe kikaacha mstari, anaudondoshea tindikali ili aone kama utafutika; wa dhahabu halisi haufutiki.

"Shikamoo, ticha. Nimekosa chuo."

"Marahaba. Bahati mbaya hiyo, mwanangu. Jaribu mwakani." Hakuinua macho.

"Hicho si kinang'aa, ticha?"

"Kinang'aa, ndiyo."

"Sasa tindikali ya nini?"

"Ah! Shaba nayo hung'aa. Nikinunua kwa macho si nitakuwa mjinga?"

Hosiana akamtazama hadi mchimbaji mwenye dhahabu akaanza kucheka. Kisha akachukua begi lake, akaenda kupanda basi la Didia, kumweleza mama yake.

Jioni darasa lilijaa kama kawaida.