Mjomba Kasema, Shangazi Hataki

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomwambia Salumu arudi kwao Mbwawa na posa yake. Nilikuwa binti wa Kisarawe, enzi za Mwingereza, na harusi yetu ilibakiza wiki tatu.

Mjomba wangu, ambaye kwetu Wazaramo neno lake lilikuwa zito kuliko la baba, alitaka Salumu ahamie Kisarawe, tukae kwake. Shangazi yake Salumu naye akaapa kwamba nitakaa Mbwawa, nyumba moja na yeye. Basi kila tulipoonana mimi husema, "Mjomba kasema," naye hujibu, "Shangazi hataki." Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku hiyo tukagombana kisimani mbele za watu, nikamfukuza.

Nilirudi nalia. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anatwanga mpunga. Hakunibembeleza.

"Mjomba kasema, shangazi kasema. Wewe na mwenzio mmesema nini?"

Hatukuwahi kuulizana, mwanangu!

Kesho yake bibi akanisindikiza kwa miguu mpaka Mbwawa, na uzee wake ule. Nikamuuliza Salumu anataka nini yeye. Akasema, "Nataka tujenge petu, hapa hapa Mbwawa, mbali kidogo na shangazi." Nikamwambia, "Nami nataka niolewe Kisarawe, mama anione." Tukapatana. Tukamwambia shangazi, akanuna, akakubali.

Mjomba ndiye aliyekuwa mlima. Tulikaa mkekani mbele yake, Salumu akamwamkia, kisha nikasema mwenyewe: "Mjomba, nakuheshimu. Nitaolewa hapa, lakini nitaishi Mbwawa, nyumbani kwangu."

"Basi bibi yako aliyekupeleka Mbwawa na akuoze!" Akainuka, akaondoka.

Nililia, ila sikulirudisha neno langu. Baba alituozesha, mjomba hakuja. Alikuja mwaka wa pili, nilipojifungua, na jogoo mkononi. Tulimpokea kwa furaha, na la nyuma hatukulitaja.

Kwa hiyo, mwanangu, wakubwa wasikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini kwanza keti na mwenzio, mpate neno moja. Mkishalipata, lisemeni wote wawili, kwa adabu, wala msilirudishe kwa sababu mtu amenuna. Kununa hupita; ndoa ndiyo mtakayolala nayo na kuamka nayo.

Mungu akujalie nyumba yenye mlango wako mwenyewe, na moyo wa kumfungulia hata aliyekususia.