Mihuri Mitatu Ukingoni mwa Picha

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka ule ule wa Uhuru, niliripoti stoo ya shamba la mkonge nje kidogo ya Kilosa nikiwa na peni mbili mfukoni. Bwana Meneja hakuangalia peni. Aliangalia kucha zangu, akasema, "Karani, kanawe kwa sabuni. Halafu ujikaushe vizuri."

Alikuwa mkusanyaji wa picha za kale za Kijapani. Picha hizo zilichongwa kwanza kwenye mbao, zikapakwa rangi na kugandamizwa kwenye karatasi, kila rangi na ubao wake. Aliziagiza kwa posta, nami nikazipokea stesheni. Alinifundisha kuzishika kwa mikono miwili, kuzianika kivulini wakati wa kiangazi, na kusimamisha miguu ya kabati ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Nilidhani ni wazimu wa Kizungu. Mwaka wa pili mimi ndiye niliyewafokea waliopiga chafya karibu na kabati.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama anayevuka daraja mvua ikinyesha. Ukingoni ilikuwa na mihuri miwili midogo myekundu.

Baada ya Azimio, shamba likawa la umma pamoja na vyote vilivyomo. Ndugu Meneja, bosi mpya, mtu wa haki ila mwenye haraka, aliagiza kila kitu kipigwe muhuri.

"Hata picha, Ndugu?"

"Kwani picha si kitu, Karani?"

Basi nikapiga, MALI YA UMMA, wino wa zambarau, chini ya ile myekundu, umenyooka kama mstari wa mkonge. Nilijisifu.

Bwana Meneja alipokuja kuaga, aliomba kuiona picha yake mara ya mwisho. Aliuona muhuri wa zambarau. "Nilikuamini, Karani," alisema, akaondoka. Neno hilo liliniuma miaka mingi.

Picha zilihamishiwa nyumba ya wageni Mikumi, nami nikatumwa huko kuzitunza. Siku moja akafika mzee wa Kijapani, mtaalamu wa mpunga, aliyejifunza Kiswahili kwa wakulima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akasimama mbele ya yule mama wa darajani. Nikaona heri niungame mwenyewe. "Muhuri huo wa zambarau nilipiga mimi, mzee. Niliiharibu."

Akacheka, akanyoosha kidole kwenye ile mihuri myekundu. "Hapana. Kwetu, mtu akitunza picha, anapiga muhuri wake. Huyu alitunza, akafa. Huyu naye akatunza, akafa. Wewe wa tatu. Na aliyeileta huku, muhuri wake uko wapi?"

Haukuwepo.

Sasa nimestaafu, nalima miwa Ruhembe. Kucha zangu zina udongo, hakuna wa kuzikagua, na nina furaha. Ila Bwana Meneja namwonea huruma mpaka leo. Siku ile ya kuaga, peni zangu mbili zilikuwa mfukoni. Ningejua, ningempa moja nimwambie, "Bwana, hapa chini pana nafasi. Andika jina lako."