Matanga ya Mwanaidi

Harufu ya mashine ya fotokopi iliyopata moto hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu ofisini hudhani kichwa kinaniuma. Si kichwa. Harufu hiyo, hasa ikichanganyika na ya nailoni mpya, hunirudisha kwenye maduka ya vitabu ya Juba ya utoto wangu, maduka yaliyokuwa na kila kitu isipokuwa kitabu cha kusoma.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tuliporudi kutoka Kitale. Nasema tuliporudi kwa sababu ndivyo watu wazima walivyosema. Mimi nilizaliwa Kenya na sikuwa nimeiona Juba hata kwa picha. Siku ya safari nilikuwa katikati ya riwaya ya shule iitwayo Mvua ya Upande Mmoja, na nilikuwa nimeificha chini ya sweta. Mwalimu wa maktaba alinifuata hadi ndani ya basi, akanyoosha mkono mbele ya abiria wote, akaondoka nayo. Mwalimu huyo hakuwahi kuja kuniona hata nilipolazwa kwa malaria, lakini kwa kitabu ambacho hakuna mtoto mwingine aliyekitaka alikuwa tayari kupanda basi.

Nilikuwa nimeishia pale ambapo Mwanaidi, msichana wa rika langu, anaingia kwenye mtumbwi siku ya mafuriko ili kumtafuta kaka yake ng'ambo ya mto, na mtumbwi unapinduka. Kwa hiyo mnielewe, ninyi mnaosoma haya: nilifika Juba nikiwa nimemwacha mtu majini.

Tulipata nyumba mtaa wa Mangateen. Watoto wa pale walizungumza Kiarabu cha Juba, wakakicheka Kiswahili changu, nami nikawadharau kwa moyo wote. Sikuwa na rafiki mwingine ila Mwanaidi, na sikujua kama yu hai. Nikienda kuteka maji namwaza. Nikiosha vyombo namwaza. Mama alipochoka kuniona nimenuna, akaniambia niende nikakitafute hicho kitabu, kisha tumalize maneno.

Nilianzia soko la Konyo Konyo, kwa Mganda mmoja aliyeitwa Kato. Bango lake lilisema duka la vitabu. Ndani mlikuwa na madaftari, kufuli, gundi, ile mashine ya fotokopi iliyokuwa ikinguruma kutwa, na vitabu vya shule vilivyovikwa nailoni na kupangwa juu karibu na dari, kama sumu ya panya inayofichwa watoto. Nilipokinyooshea kidole kitabu kimoja, alinionya kabla sijasema neno.

"Usifungua. Ukifungua, umesoma, na mimi nauzia nani?"

Nikamtajia jina la riwaya yangu.

"Hiyo kitabu iko ya darasa gani?"

"Si ya darasa, anko. Ni hadithi."

"Hadithi ya kufanya nini?"

Nilisimama pale nikiitazama mashine ikitema karatasi za moto, naye akahudumia wateja waliotaka kalamu, halafu akanigeukia kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mafi, mtoto. Enda nyumbani." Mafi ni neno la Juba la kusema hakuna, na wafanyabiashara wa Konyo Konyo walijifunza hilo kabla ya mengine yote.

Maduka mengine yalikuwa ndugu wa hilo. Mwuzaji mmoja alinipa kamusi. Mwingine alinipa Hesabu, akaapa kwamba mtoto mwenye akili hapotezi macho yake kwa uongo. Nawakumbuka wote, na sijawasamehe. Walikaa mchana kutwa katikati ya vitabu bila kufungua hata kimoja, wakijivuna kwamba mali yao haijaguswa.

Mwishowe nikafika New Site, kwa Hassan, Msomali aliyekulia Kenya. Kiswahili chake kilinipa hamu ya kumkumbatia. Hakuniuliza darasa. Aliliandika jina la kitabu kwenye kiganja chake, akasema, "Sikiza, siste. Nitaagiza Nairobi. Mzigo ukifika, kitabu chako kimefika."

Ilikuwa masika. Barabara ilikuwa tope, malori yalikwama njiani, na kila Jumamosi nilikanyaga tope hilo hadi New Site kusikia kwamba mzigo bado. Nilimwamini Hassan. Nilikuwa nimeanza hata kumsifu kwa Mama kwamba ndiye mtu pekee aliyestaarabika mjini. Halafu Jumamosi moja akanipokea akitabasamu, akanipa kijitabu chembamba. Juu kiliandikwa Mwongozo wa Mvua ya Upande Mmoja.

"Hiki sicho," nikasema.

"Hiki ndicho kizuri. Hadithi yote iko ndani, maswali iko, majibu iko. Ile ingine ni ndefu bure."

"Lakini mimi nataka ile ndefu."

"Siste, ile ndefu hakuna mtu hununua."

Alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kutoka Nairobi hadi Juba watu walikuwa wananunua majibu ya kitabu ambacho hawakukisoma, ili wajibu maswali ya mtu ambaye huenda naye hakukisoma. Nikakichukua kijitabu hicho kwa sababu sikuwa na kingine, nikakisoma nikiwa nimekaa mlangoni kwetu. Ukurasa wa katikati ulisema hivi: Mwanaidi anafariki kwa kuzama mtoni. Hii inaonyesha madhara ya ukaidi miongoni mwa vijana.

Nililia. Sikulia kitoto, nilipiga mayowe. Mama alikuwa kazini, na nyumba za Mangateen ni mabati na turubai, mtu akikohoa mtaa mzima unamwambia pole. Wanawake wa jirani walikuja mbio, wakaniuliza kuna nini, nami nikaweza kusema maneno mawili tu: Mwanaidi amekufa.

Pale kwetu hilo linatosha. Hakuna anayeuliza huyo ni nani wako. Walijifunga kanga viunoni, wakatandika mkeka, mmoja akaleta sukari, mwingine akawasha jiko la makaa, na bika ikaanza. Bika ndiyo matanga ya Juba. Walinikalisha katikati, wakaniuliza amekufa vipi, nikasema amezama, wakalia nami, kila mmoja akitaja na wake waliozama au kupotea. Wanawake niliowadharau miezi yote hiyo walikuwa wakimlilia Mwanaidi kuliko alivyomlilia mwandishi wa ule mwongozo.

Mmoja tu hakukaa. Huyo ni Mama Wani, muuza makaa wa nyumba ya pili, aliyewahi kuwa mkimbizi Uganda. Aliishi peke yake, na kila jioni tulimwona akipakua sahani mbili na kuifunika moja kwa sahani nyingine. Sisi watoto tulisema ni mlafi, anakula mara mbili. Alisimama mlangoni, mikono yake myeusi kwa makaa, akanitazama.

"Nani naona maiti?"

Nikamwambia hakuna aliyeiona, lakini imeandikwa.

"Karatasi naandika tu. Hata mimi watu naletea karatasi. Karatasi haina mwili." Akageuka. "Kama hakuna mwili, mimi hapana kaa bika."

Akaenda zake. Wanawake wakanong'ona kwamba hana adabu, nami nikakubaliana nao kwa moyo mmoja.

Mama aliporudi alikuta uwanja umejaa. Alidhani nimekufa mimi. Aliponiona mzima, akaniuliza nani amefariki, nikasema Mwanaidi. "Mwanaidi gani?" Nikasema wa kitabuni. Mama alifunika uso kwa viganja, na nadhani hajapata aibu kama ile tena. Ndipo yule mwenye sukari akainua kifuniko cha birika. "Malesh," akasema, yaani pole, "lakini chai imeiva." Wakainywa yote.

Niliipata ile riwaya nikiwa chuoni Eldoret, kwenye rundo la vitabu kuukuu kando ya barabara. Niliisoma nimesimama hapo hapo, hadi mwuzaji akanisogezea ndoo nikae. Na sasa nisikilizeni. Mwanaidi hafi. Watu wanakaa matanga bila maiti, wanalia, wanagawana nguo zake, na kabla ya kitabu kwisha anaingia uwanjani kwa miguu yake akiuliza kuna nini. Yule mwandishi wa mwongozo, aliyesifiwa kwenye jalada kuwa mwalimu mzoefu, alifika kwenye matanga akaona yametosha. Alimwua msichana kwa uvivu, kisha akatufundisha maadili juu ya kaburi lisilokuwepo. Sijawahi kumdharau mtu nisiyemjua kiasi hicho.

Likizo iliyofuata nilirudi Juba, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Wani. Nilikuwa nimeshaelewa kufikia hapo ni karatasi ya kifo cha nani aliyoletewa na watu, na kwa nini mtaa mzima ulimwita kwa jina la mtoto ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa akichekecha makaa.

"Mama, Mwanaidi hakufa. Alirudi."

Hakushangaa hata kidogo. Alitikisa chekecheo, akapuliza vumbi.

"Siku yeye narudi, nani napikia yeye?"

Nikamwambia alikuta vyungu vya matanga yake vikiwa motoni, akapakuliwa humo humo. Mama Wani akafyonza.

"Hiyo chakula ya kilio. Mtu akirudi, anakuta yake."

Akanionyesha kigoda nikae. Juu yake palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, bado ya moto. Niliiacha ilipokuwa, nikakaa chini.