Kukaza Mara ya Pili

Juzi nilipita bandarini Kalundu, pale Uvira, nikasikia harufu ya mawese yaliyopata moto wa injini. Fundi mmoja alikuwa anakata karatasi ya boksi juu ya chuma. Nikasimama. Unanijua, silii ovyo. Siku ile nililia.

Baba alikuwa mekanisye, fundi wa injini, wa mashua ya chuma aliyoiacha Mbelgiji alipokimbia uhuru. Mashua nzee, injini inakohoa kama mgonjwa wa kifua. Vipuri havikuja tena. Karatasi ya kuziba kifuniko cha pampu ya maji tuliitengeneza wenyewe: baba anaweka boksi juu ya chuma, anagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka likatike, minye naichovya katika mawese ya mama. Jalada la kitabu changu cha darasa la pili liliishia humo, na masomo yangu vilevile. Kisha kifuniko kinafungwa, injini inawashwa, ikishapata moto inazimwa, tunakikaza tena. Usipokaza mara ya pili, maji yanamwagika yote na injini inaungua.

Mjomba, kaka wa mama, ndiye alikuwa kapitene. Alikuwa anatushikia kifuniko na kututania: "Shemeji, huyu binti utamuoza kwa injini?"

"Injini iko na adabu kukuzidi weye," baba anamjibu. Mama anacheka, anageuza ndagala wake, wale dagaa wa ziwani, motoni.

Asubuhi waasi walipoingia Uvira, tulikuwa tunavuka kwenda Burundi. Mama na mdogo wangu walikuwa wamekwisha kupanda. Injini ilikuwa imepata moto, imezimwa, inangoja kukazwa. Na funguo ya namba kumi na saba, spana ya kukazia kifuniko, niliyopewa minye kuibeba, nilikuwa nimeisahau jikoni. Nikakimbia kuileta. Baba akashuka kunipokea njiani.

Risasi zikalia upande wa soko. Tuliporudi ufukoni, mashua ilikuwa imekwisha kuondoka. Baba akaingia majini mpaka kifuani, anapunga funguo, anapiga kelele: "Kaza! Kaza!"

Mjomba akainua mkono. Akakaza mwendo.

Tulisikia injini ikipanda, ikakwaruza, ikanyamaza. Upepo ukairudisha mashua polepole, mpaka karibu na ufuko waliposimama waasi. Hao walipiga risasi, siwatetei. Mjomba aliruka akaogelea. Mama hakujua kuogelea, na mtoto alikuwa mgongoni.

Kwenye matanga mjomba aliwaambia watu: "Shemeji mwenyewe alisema kaza." Mpaka leo anasema hivyo, na kanisani iko na kiti chake cha mbele. Mwongo! Alitushikia kile kifuniko mara ngapi? Kaza ya baba aliijua ni kaza gani.

Baba hakugusa injini tena mpaka kufa kwake. Mashua ilikatwa vipande, ikawa masufuria na majembe. Pale tulipokuwa tunagonga boksi, pameota matete, na ndagala wanaanikwa na watu nisiowajua.

Mjomba namtaja popote ninapokaa. Habari ya funguo, ni weye wa kwanza kuisikia.